Shati la Marehemu

Miteja, Jumanne

Nilipokuwa karani wa kata niliificha picha moja ya kumbukumbu za ofisi, na leo nimeirudisha mwenyewe, kwa mkongojo, nisije nikafa nayo.

Zuhura anagombea udiwani. Wanaompinga walisema zamani alikuwa mfuasi wa chama kingine, wakataka kumbukumbu zote zifunguliwe kwa wananchi. Zimefunguliwa, na ukumbi ulijaa watu wanaopekua.

Picha yangu ilipowekwa mezani, zikapigwa kelele. Zuhura amevaa shati la chama kile, mkono juu, anahutubia!

Nikadhani nimemmaliza. Kumbe yeye alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hapo si msibani kwa mwenyekiti wao? Mimi ni mtani wake! Nilivaa shati lake nikamwigiza."

"Na hajalirudisha mpaka leo, mwizi huyu!" akadakia mjane wa marehemu.

Ukumbi ukaangua kicheko, hata walioleta maneno. Nani huku asiyejua watani wanavyofanya msibani? Nilicheka hadi kifua kikauma, na bado nacheka.

Kisha Zuhura akanipa shikamoo. "Babu, asante kwa kunilinda miaka yote."

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Sikuwa namlinda yeye. Karani hakutakiwa kuwa na chama. Nyuma yake pichani kuna mtu aliyeipa kamera mgongo, amevaa shati kama lile, na hakuna aliyemuuliza. Ni mimi. Sikuwa mtani wa marehemu. Nilikuwa mwanachama mwenzake.