Ghuba Iliyofungwa

Jumatatu, 5 Machi 1979
Doria ya idara ya uvuvi kama kawaida. Kwa kasia. Petroli yote imekwenda vitani Uganda, hata Buseresere hakuna. Mabega yanauma. Sato wanazaliana kwenye matete, ghuba imefungwa kwa wavuvi, na bango la kukataza uvuvi limeng'olewa tena. Nimelisimika upya. Nimechoka na bango hili.

Jumatano, 7 Machi
Nimewafuma wavuvi wakivuta kokoro, wavu wa kukokota, ndani ya ghuba. Wamekimbia, wameacha wavu. Vitoto vya sato kama kidole, majike wana mayai mdomoni. Niliwarudisha majini waliokuwa hai. Wachache. Mmoja wa waliokimbia namjua hata kwa mgongo. Masanja, kaka wa mke wangu.

Ijumaa, 9 Machi
Mwenyekiti wa kijiji anataka kokoro lichomwe kesho mbele ya watu. Jioni Masanja alikuja nyumbani. Hakukaa.
"Shemeji, lile ndilo shamba langu. Wanangu watakula nini?"
"Vua nje ya ghuba."
"Kwa mtumbwi upi?"
Mke wangu, Mama Kulwa, alitenga ugali, akatoka nje. Hatukula.

Jumamosi, 10 Machi
Nimelichoma. Mkono wangu mwenyewe. Moshi wa nailoni unakaba koo. Watu wameondoka mmoja mmoja, hata mwenyekiti. Niliporudi nyumba ilikuwa tupu. Mama Kulwa amewachukua Kulwa na Doto, amekwenda kwao.

Jumatano, 14 Machi
Hakuna anayeniuzia samaki. Mimi wanayeniita Bwana Samaki nakula ugali kwa chumvi. Asubuhi nilimwamkia mama mmoja mwaloni, penye mitumbwi, shikamoo. Alinitazama, akapita.
Nina hakika nilifanya sawa. Haisaidii.

Alhamisi, 22 Machi
Mvua. Doria fupi. Maji kwenye matete yanachemka kwa vifaranga vya sato. Nilikaa kwenye mtumbwi nikavitazama. Nilitaka kumwonyesha mtu.

Jumapili, 25 Machi
Mama Kulwa amerudi mchana. Nyuma yake wifi yake, mke wa Masanja, mjamzito, na watoto watatu.
"Kaka amekwenda Geita kuchimba dhahabu," akasema Mama Kulwa. "Hawa watakaa hapa."
"Karibuni," nikasema.
Nikapokea mizigo. Tumekula michembe ya viazi vitamu na karanga, sote mkeka mmoja. Mdogo kabisa amesinzia akiegemea goti langu. Sijalisogeza.