Maganda ya Kahawa Juu ya Dari

Masama,
Kwa S.L.P. ya Usharika,
Hai, Kilimanjaro.
21 Novemba 1999

Mpendwa mwanangu Anaeli,

Shikamoo niliyoikuta mwanzoni mwa barua yako nimeipokea kwa mikono miwili. Marahaba, mwanangu. U hali gani, na joto la Tanga mnaendeleaje nalo? Watoto hawajambo? Duka la dawa linakwendaje? Nataraji barua hii itakukuta mzima, umesimama kiwanjani kwako Sahare ukiwagombeza mafundi, maana nakufahamu.

Sisi huku tunaendelea kwa neema. Mvua za vuli zilichelewa lakini zimekuja, na mgomba alioupanda marehemu Hosea, baba yako, nyuma ya zizi umetoa mkungu ambao Doris, dada yako, alishindwa kuubeba peke yake. Wengi wanaing'oa kahawa wapande nyanya. Mimi yangu nimeiacha. Miti haikunikosea kitu.

Kuhusu afya yangu sitakuficha. Moyo umechoka. Miguu inavimba ikifika jioni, na kutoka kitandani hadi barazani napumzika mara mbili. Daktari, kijana mwenye adabu, aliniambia nimshukuru Mungu kwa kila juma. Nikamwambia nimefundisha ujenzi miaka thelathini na moja, nguzo iliyoliwa na mchwa naijua, asinizungushe. Akacheka, kisha akanieleza. Kwa hiyo sina hofu, na mkono bado unaandika vizuri kama unavyoona. Ila nina jambo moja la kusema kabla sijaondoka, na jambo hilo ni lako kama lilivyo langu.

Uliniandikia kwamba kuta zimefika usawa wa madirisha na kwamba baada ya mwaka mpya mtafunga lenta. Ukanieleza kwa furaha kwamba umempa fundi mchoro wangu wa ile nyumba ya Chumbageni, uliokuwa kwenye sanduku la baba yako, na kwamba mahali pa maganda ya kahawa utaweka sufi ya kioo ya kuzuia joto, inayoletwa siku hizi kutoka ng'ambo. Ukasema safari hii hutamruhusu fundi wa Rombo asogee karibu, kwa yale yaliyotupata. Tena ukanitania: "Baba mkubwa, hata jina lako hukuliandika kwenye mchoro, kwa unyenyekevu wako. Kuna la Primus tu."

Mwanangu, haukuwa unyenyekevu. Ulikuwa wembe.

Niruhusu nianzie mbali kidogo, ndivyo nilivyozoea kufundisha. Sisi watu wa mlimani tunamjua adui mmoja tu wa nyumba, naye ni baridi. Babu zetu walijenga nyumba ya majani yaliyoshuka hadi chini, mlango mmoja, watu na ng'ombe ndani, moto katikati, na joto likafungiwa humo kama mali. Mimi nilisoma, nikafanya vilevile kwa njia ya kitabu. Mwaka 1984 nilimwaga maganda makavu ya kahawa juu ya dari la nyumba ya mwinjilisti, unene wa shibiri nzima, nikaziba kila tundu. Mwezi wa saba, sisi wengine tukikaa ndani na makoti, mwinjilisti alikaa na shati. Nilisifiwa mpaka ibadani. Sifa ni mbolea kali, ikizidi inaunguza mmea.

Baba yako alipopata kiwanja Chumbageni mwaka 1987, nikamwambia aniachie mimi. Hesabu yangu ilikuwa fupi: kinachozuia joto lisitoke ndicho kitakachozuia joto lisiingie. Nikachora kuta nene, madirisha madogo, dari la futi saba na nusu, na juu yake maganda. Lori lilishuka na magunia sitini kutoka Moshi. Chini ya paa hapakuwa na tundu la hewa hata moja. Nilikataa yasiwekwe.

Primus alikuwa seremala wa Tarakea kule Rombo, lakini alikuwa amefanya kazi Pangani na Tanga miaka kumi. Alipopewa mchoro aliugeuza mara mbili kama anayetafuta ukurasa wa pili.

"Mwalimu, sasa upepo utaingilia wapi?"

"Upepo wa nini? Tunazuia joto."

"Joto hapa si mgeni wa kumfungia mlango, Mwalimu. Ni mwenye nyumba. Ukifunga, umejifungia naye ndani. Na haya maganda yatatoka jasho."

Nikamjibu mbele ya vibarua wake: "Primus, wewe shika randa. Kalamu niachie mimi."

Vibarua wakacheka. Yeye pia akacheka, akashika randa, akafanya kazi safi kabisa. Maganda aliyaanika juani siku nne nzima, nikimwona kwa macho yangu. Sentensi hiyo uikumbuke.

Masika ya mwaka uliofuata yalimtetea Primus. Nikueleze yaliyotokea, kwa sababu ndiyo utakayoyazuia wewe. Mchana bati la pwani huwa kama kaango. Jua likizama, linapoa haraka kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba, na hewa ya kule, iliyojaa maji, ikiligusa inageuka matone na kudondoka. Paa linalopitisha hewa hukauka asubuhi. Letu lilikuwa limezibwa. Maganda yakanywa maji yale siku baada ya siku, yakavunda, yakaota ukungu mweusi. Huku chini madirisha yangu hayakupitisha upepo wa kukausha hata jasho la shingoni. Mama yako akaanza kukohoa. Mwezi wa tano dari la chumba chenu likaanguka, mchana, mkiwa shuleni. Namshukuru Mungu kwa shule ile kuliko zote nilizosoma mimi.

Nilishuka Tanga. Asubuhi ya kikao alichokiita baba yako kuhusu dari lile, yeye alipotoka kununua mkate, niliuchukua mchoro na wembe wake wa kunyolea ndevu, nikalikwangua jina langu kwenye kona ya chini. Nikapuliza vumbi la karatasi. Likabaki la Primus, la fundi, ndilo pekee ambalo kikao kingeliona. Saa nne wakafika watu wa nyumbani wanaoishi Tanga, wale wa chama cha kuzikana, wanaume kumi na mmoja, na Primus akaitwa. Nikasema, kwa sauti yangu ya darasani: "Maganda yaliingizwa mabichi. Fundi hakuyaanika."

Primus hakugombana. Aliniangalia, akasema, "Mwalimu, sema tena."

Nikasema tena.

Tangu siku hiyo hakuna mtu wa kwetu pale Tanga aliyempa hata mlango wa kutengeneza. Akarudi Tarakea. Mama yako akarudi Masama kwa sababu ya kifua. Baba yako akabaki peke yake katika nyumba ile isiyo na dari, na mwaka 1993 akafariki akiamini kwamba Primus ndiye aliyemtenga na mke wake. Mimi hakunishuku hata siku moja, kwa jinsi alivyonipenda.

Nilianza kurekebisha kwa mama yako. Mwezi uliopita nilimwita barazani nikamweleza yote. Aliendelea kumenya ndizi. Kisha akasema, "Shemeji, mimi nilijua siku nyingi. Ujinga wa fundi hauwi mkubwa namna ile. Ule ulikuwa wa mtu aliyesoma." Akanipa kisu nimsaidie kumenya. Hakutamka kwamba amenisamehe, lakini mtori wa jioni hiyo aliniletea mwenyewe.

Halafu nikaenda Tarakea. Doris alinikatalia mara mbili, na mara ya tatu akanivalisha koti. Tulipanda basi Bomang'ombe, tukapumzika Moshi siku mbili, tukaendelea. Primus ana mvi sasa. Anatengeneza milango ya maduka pale sokoni. Alinitambua nikiwa bado nje.

"Mwalimu! Umekuja na kalamu au umekuja na randa?"

"Nimekuja na hili," nikasema, nikampa jani la isale nililolikata mpakani mwa kihamba chetu, shamba la ukoo, na kulipiga fundo, kama wazee wetu walivyoomba msamaha.

Unajua mwenyewe kwamba anayeombwa kwa isale hakatai. Primus alilipokea, akalichomeka ukutani kati ya misumeno yake. "Nimepokea, Mwalimu. Sina neno na wewe tena," akasema. "Lakini jina langu halikupotelea Tarakea. Lilipotelea Tanga, sebuleni kwa Hosea, mbele ya watu kumi na mmoja. Ni wewe uliyelipeleka huko."

Nikamwambia miguu hii haifiki tena Tanga.

"Basi mdomo ufike," akajibu. Kisha akanivutia kigoda. "Kaa chini upumue. Usije ukafia kwangu, watu wakasema nimekufunika na maganda." Doris alicheka mpaka akatoka nje, na mimi nikacheka. Ilikuwa miaka kumi na moja hatujacheka pamoja.

Ndiyo maana nimekuandikia na sikupiga simu. Kwenye kikao cha Desemba cha chama, wakiwa wamekaa wote, simama uisome barua hii kwa sauti, bila kuruka jina langu. Nimeuliza, na saba kati ya wale kumi na mmoja bado wapo. Najua ninachokuomba. Wewe ndiye unayebeba jina la ukoo huko, watu hao ndio wanaokuja dukani kwako, na aibu itabaki kwako wakati mimi nimeshalala. Ukiichoma barua hii sitakuwepo kukuuliza. Lakini Primus yupo hai, na jina la mtu hurudishwa angali hai.

Ukishaisoma, mwandikie aje akupaulie. Nilimwomba mimi, akakataa. Alisema, "Nikiitwa na binti wa Hosea, nitakuja na randa yangu."

Sasa kazi. Mchoro ulio ndani ya bahasha hii tuliuchora wawili, juu ya meza yake ya kupigia randa, tukibishana. Mwambie fundi asitishe ujenzi wa kuta leo hii. Kabla ya lenta, apanue madirisha, na kila dirisha litazamane na lingine ukuta wa pili, ili upepo unaoingia upande wa bahari upate pa kutokea. Dari liwe futi kumi. Kati ya dari na bati pawe na njia ya hewa pande zote mbili, yenye wavu wa kuzuia popo. Upenu utoke futi nne, jua na mvua visiguse kuta. Bati lipakwe rangi nyeupe.

Ile sufi ya kioo usiitandaze darini. Ikilowa ni blanketi lililolowa tu, haikusaidii chochote. Kama unataka kizuizi cha jua, weka ile karatasi ya alumini inayong'aa, ining'inie chini ya bati bila kugusana nalo. Na kama mumeo anataka mashine ya kupoza hewa chumbani, sawa, chumba hicho kimoja ndicho kizibwe vizuri. Nyumba iliyobaki iacheni ipumue. Upande wa magharibi pandeni mwarobaini. Haya nayasema kwa uhakika kabisa, kwa sababu safari hii nimemsikiliza anayejua.

Halafu uchukue ule mchoro wa zamani. Ukiuinua kwenye mwanga utaona mahali karatasi ilipokuwa nyembamba, kona ya chini kulia. Andika hapo kwa wino jina langu kamili, na mbele yake neno "Mchoraji". Mkono wako utakuwa mkono wangu. Primus akifika, muoneshe kabla hujampa chai.

Wengine wote nimewaambia, au utawaambia wewe. Hosea nitamwambia mwenyewe.

Mama yako anakusalimu sana. Anasema kifua kimetulia, na kwamba akisikia nyumba ina madirisha ya maana atakuja kuiona. Doris anakusalimu. Msalimie mumeo Godbless, na Theodora na mdogo wake Mathew, waambie babu anawakumbuka. Bwana aibariki nyumba yako tangu msingi hadi bati, na upepo anaouleta kutoka baharini uwapitie wote watakaolala humo, pamoja na atakayeipaua.

Nikupendaye siku zote,
baba yako mkubwa,

Ebenezeri Swai,
Mchoraji wa nyumba ya Chumbageni