Zuhura Anatikisa Kichwa

Jumamosi, Ruangwa. Jua kali tangu asubuhi, vumbi jekundu mpaka ndani ya ndoo ya maji, na umeme unakatika na kurudi kama unacheza. Nimechoka uchovu ule ambao ukiulizwa unaumwa wapi, huna pa kuonyesha.

Leo nimejua kitu kuhusu mwanangu Zuhura. Nimekijua kwa sababu ya video, na kupitia mdomo wa mtu aliyekuwa ananicheka.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza, mimi ni Mama Zuhura. Nakaanga mihogo karibu na stendi, na muda unaobaki natengeneza AMV. Nachukua vipande vya anime, zile katuni za Kijapani, navikata na kuvipanga juu ya wimbo ili kila picha ibadilike pale biti inapopiga. Hakuna anayenilipa. Mume wangu yuko Matambarale kwenye mikorosho yao, mimi niko hapa mjini na mama mkwe, na wote wawili wameshakubali kwamba hii ndiyo pombe yangu.

Zuhura anakaribia miaka mitatu na hasemi. Alikuwa ameanza. Alisema mama, alisema maji, na paka alimwita kwa jina alilolitunga mwenyewe. Halafu nikampeleka Naipingo kwa mama yangu aachishwe ziwa, kama tulivyopelekwa sisi sote. Akiwa kule akashikwa na homa kali, akapona. Aliporudi alikuwa kimya.

Tukasema amenuna. Mtoto aliyenyimwa ziwa hununa, nani asiyejua. Mwaka umepita na sisi bado tunasema amenuna.

Basi, video.

Grupu letu ni la maedita wachache wa Nachingwea na Ruangwa. Tumegawana wimbo mmoja, kila mtu na kipande chake, na Idrisa ndiye anayeunganisha. Idrisa ni fundi simu wa Nachingwea. Ana sikio kali na ulimi mkali zaidi. Kipande changu amekirudisha mpaka nimeacha kuhesabu.

Kwanza alirudisha kwa sababu ya videvu. Mimi bando la kupakua anime sina, nanunua kwenye kibanda cha muvi pale sokoni. Zinakuja na sauti ya mtafsiri anayeongea juu ya kila kitu, na namba yake ya simu inatembea chini ya skrini muda wote. Sauti naizima. Namba huwezi kuizima, inabidi uikuze picha mpaka namba itoke nje, na ikitoka inaondoka na kidevu cha mtu. Idrisa akaandika: "Sista, wapiganaji wako wote hawana videvu. Wanatafunaje ugali?"

Nilicheka. Ile nilicheka kweli.

Nikatafuta vipande vingine, nikakata upya. Akarudisha tena. Safari hii kosa likawa kwamba picha zinachelewa. "AMV ya mama wa nyumbani hii. Biti imeshafika, picha bado inatafuta kanga."

Hapo sikucheka, kwa sababu nilikuwa sioni anachosema. Mimi nakata nikiwa na vile visikizio vidogo visivyo na waya, kwa sababu mama mkwe hapendi kelele. Masikioni mwangu kila picha ilikuwa inakaa kwenye biti yake kama kifungo kwenye tundu. Nikimaliza nacheza kwa spika ya simu na kweli nasikia kuna kitu hakijatulia, lakini kitu chenyewe sikioni.

Na mimi nilikuwa na shahidi. Zuhura.

Zuhura akikaa mapajani mwangu nikicheza video, anatikisa kichwa. Picha ikibadilika, kichwa chini. Ikibadilika tena, kichwa juu. Hakosei. Nikajiambia Idrisa anaweza kunionea kwa kuwa mimi ni mwanamke, lakini mtoto mdogo hawezi kudanganya biti. Na huyu anapenda muziki, mtaa mzima unajua. Jirani akiwasha sabufa, Zuhura anakwenda kuiegemea mgongo na kucheza. Watu wanasema huyu atakuwa msanii.

Asubuhi ya leo nilikuwa nakaanga uani. Zuhura akasogea karibu na karai la mafuta. Nikamwita. Hakugeuka. Mimi si mama wa kuita mara kumi. Nikamfuata nikampiga kofi la mkononi, akalia, akanitazama usoni kwa ule mtazamo wake wa kukodoa, kama anayesoma kitu kwenye midomo yangu. Mama mkwe akasema vizuri, mtoto wa kiburi anafundishwa mapema.

Naandika hili kwa sababu lilitokea leo leo, kabla ya mengine.

Mchana nikamaliza biashara. Nikaazima simu ya wifi yangu Somoe, aliyekuja kumwona mama yake, nikamwambia anirekodi mimi na Zuhura tukitazama video yangu kwenye simu yangu, sauti mpaka mwisho. Zuhura akatikisa kichwa chake vizuri kabisa. Nikatuma kwenye grupu na maneno haya: "Mtoto wa miaka miwili anaisikia biti. Wewe Idrisa una tatizo gani?"

Wakacheka kidogo. Halafu ikaja sauti ya Idrisa, na nyuma yake kelele za ofisi yake na watu wanaosubiri simu zao. Nimeisikiliza mara nyingi mno.

"Mama Zuhura, aisee, umejimaliza mwenyewe. Mtazame mtoto. Biti inapiga, katulia. Picha inaruka kwa kuchelewa, ndiyo anatikisa. Anafuata picha huyo, muziki hausikii hata kidogo. Kiziwi kama mama yake."

Chini yake vikaragosi vya kucheka, vingi, kimoja kikifuata kingine.

Nilikasirika. Nikaichukua ile rekodi niitazame ili nimjibu. Nikatazama kichwa, nikasikiliza biti. Biti. Halafu kichwa. Biti. Halafu kichwa. Alikuwa amesema kweli. Picha zangu zilikuwa zinachelewa, na mwanangu alikuwa anachelewa nazo.

Nikakaa.

Zuhura alikuwa amenipa mgongo mkekani, anachomoa nyuzi za mkeka. Nikaifunika simu, nikauwasha wimbo peke yake, sauti yote, nyuma ya kichwa chake. Hakuna. Nikauzima, nikauwasha tena ghafla. Hakuna. Nikamzungukia mbele nikampa video bila sauti yoyote. Akatabasamu, akaanza kutikisa kichwa. Chini, juu. Kwenye ukimya mtupu, na hakosei.

Mama mkwe akatoka ndani. "Unamfanya nini mtoto?"

"Mama, hasikii."

"Anasikia. Ana kiburi tu, kama baba yake."

Akaenda jikoni mwenyewe kunionyesha. Akarudi na mfuniko wa sufuria na mwiko, akasimama nyuma ya Zuhura, akagonga. Kuku wakakimbia. Mtoto wa jirani akaanza kulia nyuma ya ukuta. Somoe akaziba masikio. Zuhura alichomoa uzi mwingine, akautazama, akauweka pembeni na wenzake.

Mama mkwe akagonga tena. Akagonga muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka Somoe akamwambia, "Mama, basi."

Akaketi chini na mfuniko wake. Akasema maneno kwa Kimwera ambayo hakutaka niyaelewe, halafu akarudi kwenye Kiswahili ili niyaelewe yaliyobaki. "Ni hivyo vidude vyako vya masikioni. Umembeba tumboni navyo, umemnyonyesha navyo. Vimemla."

Najua si kweli. Vidude nimevinunua Zuhura akiwa ameshaanza kutembea. Sikumwambia. Alihitaji kuwa na mtu wa kumlaumu, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo.

Nikampigia mama yangu Naipingo. Nilimuuliza taratibu, maana najua akiona anahukumiwa anafunga mdomo. Nikamuuliza ile homa ilikuwaje. Akasema ilikuwa homa tu. Nikamuuliza na masikio je.

"Yalitoa usaha kidogo," akasema. "Nilikuwa nayapangusa kwa kitambaa cha maji ya moto. Yakakauka yenyewe. Sikutaka kukuhangaisha mwanangu, ulisema una kazi."

Nilikuwa na kazi. Kukaanga mihogo, ndiyo. Lakini wiki zile ambazo Zuhura hakuwepo ndizo nilizojifunza kuediti. Nilikuwa na mikono miwili mitupu na simu, na nilifurahi. Niliandika humu humu kwenye blogu kwamba nyumba imetulia.

Sijaifuta hiyo posti. Iacheni ikae.

Mume wangu nilimpata jioni, amepanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao. Nikamweleza yote. Akauliza kama kuna dawa. Nikamwambia sijui. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia mama yako amegonga mfuniko. Hakuuliza tena.

Sasa niseme kitu ambacho kitawashangaza. Baada ya hapo niliimaliza video.

Somoe aliniona nikiishika simu akasema, "Wifi, wewe una roho gani?" Nilijua nikiweka simu chini nitaanza kulia mbele ya mama mkwe, na hilo sikutaka kumpa leo. Nikavua vile visikizio, nikakata kwa spika ya simu. Papo hapo nikajua kosa lilikuwa wapi. Vidude visivyo na waya vinaleta sauti kwa kuchelewa. Mimi nilikuwa nazisubirisha picha ziende na sauti iliyochelewa, kisha nawatumia watu wenye sauti inayofika kwa wakati. Kazi ya majuma yote yale, kosa ni hilo. Nikazirudisha picha zote nyuma kidogo, ziwahi. Zikakaa.

Nikatuma. Idrisa akajibu haraka: "Hapo sasa. Sista umesikia eeh? Karibu kwenye kazi. Vipi, mkaguzi wako mdogo naye kapitisha?"

Nikaandika asante. Sikumwambia. Si kwa kumhurumia. Idrisa si mtu mbaya, angeomba radhi, na grupu zima lingenitumia pole na vikaragosi vya mikono iliyoshikana, na mimi leo sina nafasi ya kupokea pole za watu waliocheka mchana. Anajua kusikia kuliko mimi niliyemzaa huyu mtoto. Hilo peke yake linanitosha kwa siku moja.

Zuhura alipoona naichezea ile video mpya akaja kujipachika mapajani kama kawaida yake. Akatikisa kichwa. Na kwa kuwa sasa picha zimekaa kwenye biti, na kichwa chake kikakaa kwenye biti. Mgeni angeingia wakati ule angesema mtoto huyu ana sikio la ajabu.

Hivyo ndivyo nilivyomficha mwanangu. Nimetengeneza vizuri mpaka haonekani.

Jumatatu sikaangi. Tunakwenda hospitali ya wilaya asubuhi mlango ukifunguliwa tu, wakisema twende Lindi tutakwenda Lindi. Mama mkwe amesema kuna mtu anajua dawa ya kudondoshea masikioni, nimemwambia hapana, na nimemwambia mara moja tu. Ameniangalia vibaya. Na aniangalie. Mtu yeyote akimgusa masikio kabla ya daktari tutagombana, na atakayeshinda nitakuwa mimi.

Nimemwogesha, nimemlisha, sasa anachezea mlango, anaufungua na kuufunga. Kila nikitaka kumwambia kitu nainuka, namfuata alipo, naketi chini mbele ya uso wake. Magoti yanauma. Nitazoea.

Kitu kimoja kinanizunguka kichwani na sina wa kumuuliza. Alipoondoka kwenda Naipingo alikuwa akiitwa anaitika, anakimbia na miguu yake ile mifupi. Tangu arudi, jina lake ni mdomo wangu unaofunguka na kufungika kwa mbali, na baada yake mara nyingine kofi.

Je, bado anajua kwamba yeye ni Zuhura?