Shemeji Yako na Vilima vya Ukerewe

Zaituni mdogo wangu, salamu za Ukerewe, ingawa shemeji yako kanichosha. Tumepanda vilima vitatu. Huko juu unaliona ziwa limekizunguka kisiwa chote, wenzetu wanapiga picha. Yeye kaligeuzia mgongo, kanyanyua simu anatafuta mtandao, akuulize kama mikorosho imepulizwa dawa! Si umezipokea simu zake mwenyewe? Anayetuongoza akamwambia, "Mzee, mtandao upo hata chini gesti." Wapi! Mtu wa Kilimarondo kazoea mtandao wa kijijini kwetu, simu mpaka aipandie mlima.

Nibusie wanangu. Kesho tunapanda cha mwisho. Akikupigia, mwambie mikorosho yote imeshapulizwa, hata kama bado, ili walau kilima kimoja nilitazame ziwa pamoja na mume wangu.

Dada yako, Somoe