Namba Kumi na Nne ya Wenye Afya

Jumatatu, 5 Julai 1999
Chupa kumi na mbili za damu leo. Nimebandika namba, nimeandika majina daftarini, nimefunga kabati. Ufunguo mfukoni. Daktari wa utafiti hatakiwi kujua jina la mtu yeyote. Kwake wote ni namba tu. Majina ninayo mimi peke yangu.
Wenye kifafa walitoka Ngao, Kulesa na ng'ambo ya mto. Mama mmoja wa Kiorma alimleta mwanawe, Barisa, miaka saba. Niliandika bila kumtazama mtoto.

Jumatano, 7 Julai
Daktari ametueleza kazi yenyewe. Mwili una kingamwili, askari wa kwenye damu. Kwa watu wengine askari hao hukosea adui, wakashambulia vipokezi vya ubongo, vile vijilango ambavyo ubongo hupokelea habari. Anataka kujua kama kuwaona kwenye damu ni alama ya kifafa. Ikiwa ni hivyo, huenda siku moja damu kidogo itasaidia mahali ambapo mashine ya kupima kichwa haifiki. Hapa kwetu Garsen haifiki.
Ila lazima alinganishe na damu ya wasio wagonjwa. Kesho wafanyakazi tutatoa.
Sikula mchana.

Alhamisi, 8 Julai
Fomu ina swali: Umewahi kuanguka kifafa? Nimeandika Hapana. Mwandiko safi kabisa.
Nimeanguka mara tatu. Mbili shuleni, moja Aprili hii nyumbani. Mama amenikataza kusema. Mimi ni karani wa muda. Septemba wataamua kama nitathibitishwa. Nani atampa kazi mtu anayeanguka? Na ningekataa sindano, wangeuliza sababu.
Sindano ilipokaribia niliuvuta mkono. Sista Hadija, muuguzi wetu, akapaza sauti: "Karani, hata ng'ombe hawaogopi josho namna hii!" Wote wakacheka. Nikacheka nao.
Namba 14 ya wenye afya.

Jumapili, 18 Julai
Kanisani. Sikusikia mahubiri.

Alhamisi, 12 Agosti
Majibu yamefika, nimeyanakili. Wagonjwa wengi wana kingamwili hizo kwa wingi, si wote. Kwa wenye afya ziko chini. Isipokuwa namba 14. Iko juu kuliko ya Barisa.
Nimeusoma mstari huo mpaka macho yakauma. Naogopa.

Ijumaa, 13 Agosti
Daktari aliikalia karatasi asubuhi nzima. Namba 14 inamsumbua. Watu wenyewe ni wachache, alisema. Mwenye afya akiwa na kiwango hiki, hawezi kudai kwamba kipimo kinatenganisha chochote. Huenda kazi yote ikawekwa kando. Akaniomba nikague daftari, pengine nilichanganya chupa.
Mimi sichanganyi chupa. Nikasema nitaangalia.

Jumatatu, 16 Agosti
Njia ya kutokea ipo. Niseme nilikosea, chupa 14 ilikuwa ya mgonjwa. Ataifuta, kazi itaendelea, nami nitabaki mtu mwenye afya. Kosa dogo la karani.
Lakini chupa moja ikiwa imechanganyika, hizo nyingine nani atazisadiki? Uongo wa kwanza umeharibu mstari mmoja. Huu utaharibu daftari zima.
Nimelifungia kabatini.

Jumatano, 18 Agosti
Mama Barisa alikuja dirishani kwangu.
"Damu ya mtoto imesema nini?"
Nikamwambia bado.
"Bado mpaka lini? Huko kwetu wanasema mtoto iko na jini. Kikombe yake wameweka kando. Wewe si unajua kuandika? Andika tu, hii ni ugonjwa. Nitaonyesha wao."
Sina ruhusa ya kuandika kitu kama hicho. Nikajieleza kwa maneno marefu ya ofisini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaondoka bila kuaga. Nimejichukia leo.

Alhamisi, 19 Agosti
Nimemwambia Daktari. Sentensi nne, nilizozifanyia mazoezi njiani.
Hakugomba. "Ungeniambia Julai," alisema, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa. Akauliza nilianguka lini mara ya mwisho, kama niliuma ulimi. Akaiondoa namba 14 kwa wenye afya, akaandika sababu pembeni. Ufunguo nimemkabidhi Sista Hadija. Aliyedanganya kwenye fomu hawezi kuachiwa daftari.
Nikamweleza Daktari pia habari za Mama Barisa. Alishangaa kwamba hakuna aliyemwambia mapema. Akaandika barua palepale: kifafa ni ugonjwa, si jini, wala hakiambukizi. Hilo, alisema, halikuhitaji kungoja kipimo chake.
Msimamizi wa ofisi nimemwambia mwenyewe. Alisema tutaona Septemba. Alikuwa akitazama meza.
Mama yangu nitamwambia Jumamosi.

Jumatatu, 23 Agosti
Siku ya kliniki. Nimekaa kwenye benchi la nje, kadi ya mgonjwa mkononi. Mama Barisa alikuwepo, barua ameikunja ndani ya mtandio. Akanitazama, akaitazama kadi.
"Kumbe na wewe."
"Na mimi, mama."
Akamvuta Barisa ili nipate nafasi. Kisha akaniambia nisiende kuoga mtoni peke yangu. Nichukue mtu, na mtu huyo asinipe mgongo. Alilisema polepole, mara mbili, kama anayemfundisha mgeni njia. Nikasema nimesikia.
Foleni ilikuwa ndefu.