Pingamizi la Siku ya Mwisho

Mwenzangu, kaa chini kwanza. Shemeji yako kaumbuka leo mbele ya foleni nzima pale ofisi ya leseni!

Si unajua anahangaikia kibali cha kiwanda chake kidogo cha bia? Watu wa leseni wakabandika tangazo, mwenye pingamizi aandike ndani ya siku ishirini na moja. Siku ishirini, kimya. Leo ya mwisho ikaingia barua moja. MOJA!

Afisa wa leseni, kwa huruma zake, akaisoma kwa sauti: "Mwombaji hajui hata kuchemsha maji ya chai, ataunguza mtaa."

Ataunguza mtaa, mwenzangu!

Akatazama jina la mwandishi chini ya barua, akamuuliza shemeji yako, "Mama huyu unamfahamu?"

Maskini akajibu, "Ndiye aliyenizaa. Asubuhi kaniwekea mkono kichwani, kaniombea nipate kibali."