Utelezi Kando ya Bwawa

Jumatatu, 3 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Kathure, msafishaji ninayemsimamia, amesugua sakafu ya kando ya bwawa la kuogelea kwa klorini na brashi ngumu. Kiangazi, mara moja kwa wiki inatosha. Mvua ya Meru ni kitu kingine. Siku mbili zikipita bila brashi, mawe yanaota utando unaoteleza. Wageni hawajui haya, wanadhani hoteli hujisafisha.

Jumatano, 5 Novemba
Mwenye hoteli amepiga simu. Kuna kanisa limekodi bwawa Jumapili ya tarehe kumi na sita, wabatize watu. Mto umefurika. Nimeuliza kanisa gani. Pasta ni yule yule.

Mwaka juzi alikataa kumzika mama. Eti hakuonekana ibadani. Mama alikuwa kitandani, hata kugeuka hawezi. Tulimzika wenyewe, bila wimbo, majirani wakichungulia kutoka kwenye migomba. Namchukia. Naandika tena: namchukia.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimemhamisha Kathure, afue shuka wiki nzima. Bwawa litangoja. Shuka kweli zimerundikana, kwa hivyo si uongo. Amenitazama kidogo, akaenda.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimevua viatu nikapita kando ya bwawa. Kwa macho, ni mawe tu yaliyolowa. Kisigino ndicho kinachojua. Pale kwenye ngazi za kuingilia majini nusura nianguke. Nimecheka peke yangu. Dawa ya moto ni moto.

Jumamosi, 15 Novemba
Kathure amenifuata ofisini, mikono imechubuka kwa sabuni.

"Madam, hapo kwa swimming kumekuwa kubaya. Si nikuje kesho mapema nisugue? Kendi wangu pia anabatizwa."

Sikujua binti yake yumo. Nimemwambia arudi kwa shuka zake. Watoto ni wepesi, hawaanguki vibaya. Ndivyo nilivyojiambia.

Jumapili, 16 Novemba
Walikuja wakiimba, nguo nyeupe tupu. Yeye mbele, kanzu ndefu, viatu vya mpira, mkono juu kama anayesimamisha mvua. Mimi dirishani na chai yangu.

Alipofika kwenye ngazi, miguu ilimtoka. Kishindo nilikisikia kupitia kioo. Wimbo ukakatika. Goti lilikuwa limegeukia upande ambao goti haligeukii. Kendi alikuwa nyuma yake tu, hakuguswa. Pasta alilia, mtu mzima yule, akimwita mama yake.

Chai ilikuwa tamu.

Jumatatu, 17 Novemba
Mwenye hoteli amekuja amefura kwa hasira. Anataka kujua nani husugua pale. Nimesema Kathure.

"Ni madam alinitoa huko, akaniweka laundry," Kathure akasema.

Mwenye hoteli akanigeukia. Nimemwambia nilimpa kazi zote mbili, ila hii moja imemshinda kwa uvivu. Nimelisema bila kupepesa macho. Kathure amefutwa palepale. Mnyonge hana haki. Nilikuwa nikiusema msemo huo nikiwa upande wa mnyonge.

Jumatano, 19 Novemba
Pasta ametiwa vyuma mguuni. Mpishi, ambaye anasali kule, anasema kina mama wa kanisa wameamua Kathure alitumwa na shetani. Kendi hatabatizwa mpaka mamake asimame mbele ya watu atubu. Atubu nini?

Nilitaka mtu mmoja tu aumie.

Ijumaa, 21 Novemba
Kathure amekuja kuchukua gambuti zake, vile viatu vya mpira vya kusugulia. Ameomba nimwandikie barua kwamba alifanya kazi vizuri, kuna hoteli Embu inatafuta mtu. Nimemwambia nina shughuli. Sikuwa na shughuli yoyote. Barua ya kumsifu ingemfikia mwenye hoteli, naye angeuliza ni uvivu gani basi niliousema.

Alikaa kwenye benchi ya askari wa lango mpaka jioni. Nilimwona kila nilipopita. Nilitaka anitukane, angalau mara moja, nipate cha kumkasirikia.

Nilipotoka kwenda nyumbani alisimama, akapangusa sketi.

"Haya basi, madam. Ufike salama."

Akashika barabara ya kuteremka mjini, gambuti mkononi. Nilingoja apotee kwenye kona ndipo na mimi nikaondoka.